Walivyoliandika Neno la Mama

Buswelu, Mwanza
Tarehe 18 Mei

Kaka Otuoma,

Shikamoo. Kwanza nianze na kifua chako: kile kikohozi cha wakati wa Pasaka kimekwisha, au bado unakiita mafua? Huko bandarini Kigoma kuna upepo, na wewe nakujua, sweta huvai mpaka mtu akukumbushe. Sisi huku tunaendelea. Mimi ni mzima, darasa langu la pili lina watoto tisini na wawili na sauti imenikauka kabisa. Mvua zimepungua, dagaa wanakauka vizuri. Mama ni mzima wa mwili. Ya moyo wake utayasoma humu humu. Favour ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Barua hii nimempa Josephat, jirani yangu anayepeleka vipuri Kigoma kila mwezi, akukabidhi mkononi. Utauliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga mara saba, kaka. Hukupokea hata moja. Ukanitumia ule ujumbe wa mistari minne: kwamba unakuja tarehe kumi Juni, shule zikifungwa, kwamba unamtoa Favour kwa Mama umpeleke Bunda kwa Dorotea, dada wa marehemu mkeo, kwamba hutaki mwanao akulie kwenye nyumba ya woga, na kwamba nisijaribu kukubembeleza. Haya, sikubembelezi. Ila wewe umeona picha ya ukurasa mmoja tu wa kijitabu, iliyorushwa kwenye simu na mtu asiyekuwa na kazi. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo tulia usome.

Unamkumbuka Gladness? Yule niliyesoma naye chuo cha ualimu, tukapanga naye chumba kimoja pale Mirongo, ambaye ulimwita mrefu wa Moshi. Mimi nilibaki na chaki, yeye akaendelea na chuo kikuu, na mwaka jana akarudi Mwanza na mradi wa utafiti. Walitaka kujua watoto wa kando ya ziwa wanafikirije na wanajifunzaje nyumbani, kabla na nje ya shule. Alitafuta familia za Wajaluo, akanijia mimi. Kiswahili cha Mama ni kile cha sokoni, cha kupima dagaa na kukatalia bei. Mambo ya ndani huyasema kwa Kijaluo. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Nilimpeleka Gladness Igombe kwa mikono yangu, nikamwingiza nyumbani kwetu, Mama akamchinjia jogoo. Mkumbuke huyo jogoo, maana mimi simsahau.

Gladness alimwahidi Mama kitu kimoja. Alisema kijitabu cha utafiti kikiwa tayari, kabla hakijaonwa na mtu yeyote, atakileta na kumsomea ukurasa kwa ukurasa. Mama alifurahi kama mtoto. Alisema hajawahi kusomewa kitu kinachomhusu yeye isipokuwa risiti ya hospitali.

Siku ya kwanza walimpima Favour. Gladness alitoa kadi zenye picha, akamwonyesha sangara, akamwuliza hiki ni nini. Mtoto kimya. Akamwonyesha mtumbwi. Kimya. Akamwonyesha kuku, jamani, kuku! Favour akainamisha macho, akaanza kukunja pindo la gauni. Gladness akaandika sifuri tatu. Sasa wewe umekulia nyumba ile, niambie: ni lini mtu mzima kwetu alikuuliza kitu anachokiona kwa macho yake mwenyewe? Akikuuliza hivyo, ujue umekosa. "Hiki ni nini?" ni swali la chungu kilichovunjika. Mtoto wako alikuwa amekaa pale akijiuliza huyo sangara kamfanya nini. Gladness alipotoka kwenda kunawa, Favour alimfundisha kitoto cha jirani kadi zote, moja moja, hadi akamweleza sangara wa kwenye picha ni wa kiwandani kwa sababu hana mapezi.

Siku ya pili mambo yakageuka. Gladness alikuja na kisanduku cha mbao chenye komeo tatu, ambazo hazifunguki mpaka uzifuate kwa mpangilio wake. Alikuwa ameshakipitisha kwa watoto wengi wa Nyakato na wa mjini. Alisema wale wanaongea sana, wanavuta hapa na pale, wanauliza, wanaomba waonyeshwe tena, na wengi wanashindwa. Favour alionyeshwa mara moja tu. Hakuuliza hata neno. Alitazama mikono ya Gladness kama anavyotazama mikono ya bibi yake ikigeuza dagaa, kisha akakivuta kisanduku akafungua komeo zote tatu bila kurudia. Gladness alipiga makofi. Akamgeukia Mama na kuniambia nimwulize: nani amemfundisha huyu mtoto kutazama namna hii?

Mama alicheka. Akasema hakuna aliyemfundisha, akasema, "Nyathini nigi luoro."

Mtoto huyu ana luoro: wewe unajua maana yake. Lakini nitaiandika hapa, kwa sababu naona Kigoma imekusahaulisha. Mtoto mwenye luoro anajua nani yuko mbele yake. Anaona mgeni ana kiu kabla mgeni hajasema. Anamwacha mkubwa amalize, na wakati huo anayaokota yote kwa macho na masikio. Anatunza cha mwenzake. Hawezi kula huku mwingine anamtazama. Mama akiisema luoro anasema akili yote ya mtoto, ile inayokaa na watu. Ni kweli neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa kumwogopa simba. Lakini hata Kiswahili kinajua tofauti: mtu wa kanisani tunamwita mcha Mungu, hatumwiti mwoga wa Mungu. Jibu la utafiti wote wa Gladness, na kisanduku chake, na kadi zake, lilikuwa kwenye lile neno moja la Mama.

Mwezi wa tatu tukaitwa kwenye mkutano ofisi ya serikali ya mtaa. Tuliambiwa wazazi wote walioshiriki wataonyeshwa matokeo. Mama alivaa lile gauni la kitenge ulilomshonea, akapaka mafuta, akatangulia kukaa mstari wa mbele. Gladness hakuwepo, ati ana kikao Dodoma. Alikuja bwana mmoja wa mradi, Jonathan, mtu mpole tu, akagawa vijitabu na kuanza kusoma. Ukurasa wa kumi na moja, picha ya Mama, kubwa, na chini yake maneno ambayo wewe umeyaona: "Bibi huyu anasifu woga wa mjukuu wake. Katika familia hizi hofu ndiyo nyenzo kuu ya malezi, na mtoto hukaa kimya kwa kumwogopa mlezi." Aliyasoma kwa sauti, mbele ya Igombe nzima, Mama akiwa amekaa pale pale na kitenge chake.

Minong'ono ikaanza ukumbini. Teodora, huyu huyu Teodora aliyeanika dagaa ubavuni mwa Mama miaka ishirini, aliinama akamwuliza taratibu, kumbe unawapiga? Mama aliniangalia mimi, akaniuliza kwa Kijaluo, nilisema lini woga? Nikamwambia ni Gladness, ameliharibu neno lako. Akauliza tena, mbona aliahidi kuja kunisomea? Nikamwambia watu wa mjini ndivyo walivyo, Mama.

Toka siku hiyo nyumba imebadilika. Wale akina mama wawili waliokuwa wanamwachia watoto wao wakienda sokoni, hawaleti tena. Kanisani wanamsalimia haraka haraka. Halafu ukaja ujumbe wako. Kaka, nikuambie ukweli, ule ujumbe ulinichoma kuliko kijitabu. Jonathan hamjui Mama. Wewe je? Umeamini mstari chini ya picha kuliko mwanamke aliyekunyonyesha. Najua kilichokupata: umesoma neno woga ukaona fimbo ya mzee Okomo nyuma ya mlango. Lakini ile fimbo ilikuwa ya baba yetu, na amekwenda nayo kaburini. Mama hajawahi kumpiga mtu. Usimshikishe Mama fimbo ya marehemu.

Na unajua ujumbe wako umefanya nini? Nilimsomea, nisingeweza kuuficha. Hakulia. Kesho yake akaanza kumfundisha Favour upya. Sasa anamkalisha kwenye mkeka asubuhi, anamwambia amtazame mtu mzima usoni, ajibu kwa sauti, asisubiri mtu amalize. Juzi Teodora kaja kujaribu kusuluhisha. Favour akainuka kwenda kuleta maji ya kunywa kama kawaida, Mama akamkamata mkono akamrudisha chini. Akamwamuru amwambie mgeni jina lake na umri wake. Teodora, aliyemwogesha mtoto huyo siku aliyozaliwa! Favour akasema kwa sauti ya kupayuka, naitwa Favour nina miaka minane, halafu akamtazama bibi yake aone kama amepatia. Teodora akacheka, akidhani ni mchezo. Mimi nilitoka nje.

Basi nikapandwa na hasira, nikaenda kumtafuta Gladness. Amepanga nyumba karibu na pale pale Mirongo. Nilimwambia yote. Nilimwambia amekula jogoo wa Mama akamtemea mfupa usoni. Nilimwambia ni mwizi wa maneno, msaliti, mtu wa kupandia vyeo migongo ya wazee. Majirani walichungulia. Yeye aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema ni kweli amekosa kwa kutorudi kumsomea Mama, hilo ni lake na hana la kujitetea. Halafu akaingia ndani, akatoka na kile kinasa sauti chake, akaniambia nikae nisikilize.

Otuoma, hapa ndipo nilipotaka kufika, na nimezunguka kurasa zote hizi nikimchafua mwenzangu kwa sababu miguu ilikuwa mizito.

Kwenye kinasa sauti anasikika Mama akicheka, anasema maneno yake. Halafu inakuja sauti yangu. Inasema: "Anasema mtoto ana woga." Gladness anauliza, woga, una hakika? Sauti yangu inasema: "Ndiyo, woga. Anamwogopa sana bibi yake." Gladness anauliza tena, kumwogopa kwa nini? Sauti yangu: "Ndivyo tulivyolelewa sisi."

Ni mimi, kaka. Gladness aliandika alichoambiwa na mtoto wa nyumba ile.

Na usije ukanitetea ukasema nilikosea neno. Mimi ni mwalimu, Kiswahili ndicho ninachokula. Heshima ninalijua, adabu ninalijua, uchaji ninalijua. Nitakuambia kilichotokea, ingawa nikikiandika nakiona ni kidogo mno. Asubuhi ile tulipofika, Mama alikuwa ananikaribisha uji kwa mikono miwili, simu ya mwalimu mkuu ikaita, nami nikaipokea pale pale nimesimama mbele yake, bakuli likiwa limenyooshwa. Sikuliona kosa. Yeye aliliona, akaliweka. Aliposema Favour ana luoro hakuishia hapo. Alininyooshea kidole, akacheka, akaendelea kwa Kijaluo: huyu naye alikuwa nayo, lakini mji umemfua mpaka imetoka yote.

Alitania tu. Najua alitania. Lakini mbele ya Gladness, rafiki yangu, ambaye tayari alinizidi kwa shahada na gari, ilikuwa kama nimevuliwa nguo. Na ile luoro, kaka! Wewe hujui ilichonifanyia shuleni. Miaka saba nilikaa dawati la nyuma nikiyajua majibu yote, nimeinamisha macho nikisubiri mkubwa amalize, na mwalimu akaniandika "mzito". Nikajifundisha kuinua mkono, kwa machozi, kwa sababu hakuna aliyenipa alama kwa kunyamaza. Halafu mwanamke aliyenitia hiyo luoro anacheka kwamba imenitoka! Gladness akaniuliza, anasemaje? Nikakata ule utani wa mwisho nikautupa. Na lile neno lililobaki nikalipa maana iliyokuwa inaniuma mimi. Nilitaka Gladness aandike. Nilitaka mtu mmoja mwenye kalamu aandike kwamba kwetu tulikuwa tunaogopa.

Jonathan aliposoma ukurasa ule nililitambua neno langu saa ile ile. Mama aliponigeukia kuniuliza, nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, nikamtaja Gladness. Na nilikwenda kumpigia kelele Gladness ili majirani wote wamtazame yeye. Aliponizimia kile kinasa sauti hakunitukana. Alisema aliniamini mimi kuliko alivyoiamini mashine, ndiyo maana hakutafuta mtu wa pili wa kumtafsiria upya. Alisema atarekebisha chapa ya pili, lakini vijitabu mia nne vimeshatawanyika mashuleni. Hata shuleni kwangu kipo, kwenye kabati la walimu, na mwenzangu mmoja ameniuliza kama yule bibi ninamfahamu. Nikasema sura yake ni ngeni.

Sasa umejua. Tangu mwezi wa tatu nimejiona nimesalitiwa: na Gladness, na mradi, na wewe. Ni kweli mmoja alivunja ahadi na mwingine akaamini upesi. Lakini mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Mama aliutoa moyo wake akauweka mkononi mwangu niupeleke kwa mgeni aliyekaa hatua mbili mbele yake, na mimi katika hatua hizo mbili nikaubadilisha.

Nikuombe basi, kaka, na hapa nakubembeleza kweli, umesema nisibembeleze lakini nafanya. Usimchukue Favour. Mama hatakuzuia. Nilimwuliza, akasema mtoto ni wa baba yake na neno la baba ndilo neno, halafu akaendelea kukunja. Ndiyo, ameshaanza kukunja nguo zake. Sare ameifua, viatu amevibandika soli, amemsukia kikapu cha kubebea dagaa wa kumpelekea Dorotea asiende mikono mitupu. Hajakulaumu hata kwa jicho. Ukifika tarehe kumi atakupikia, atakupa mtoto, atakushukuru kwa kuja. Utaondoka ukidhani hakuumia. Wewe unajua hiyo inaitwaje, na unajua si woga.

Kama ni lazima mtu aadhibiwe, niadhibu mimi. Usinipigie, usinitembelee, usinijengee kile chumba ulichoahidi. Mwambie Dorotea niliyoyafanya mimi wifi yake. Ukitaka, isome barua hii mbele ya ukoo wote, nami nitakaa mstari wa mbele.

Mama bado hajui. Bado anaamini ni yule mrefu wa Moshi, na bado akinipa dagaa ananiambia nisimchukie Gladness moja kwa moja. Nimeshuka Igombe mara mbili kwenda kumwambia. Mara ya kwanza nikajisemea acha apumzike. Mara ya pili nilisaidia kugeuza dagaa mpaka wakaisha, nikaaga. Jumapili hii nakwenda tena, na nitamwambia kwa Kijaluo, tukiwa wawili tu. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe uko mbali na huwezi kunitazama. Yeye atanitazama. Hilo naliogopa, mtu mzima mwenye miaka thelathini na sita. Huo sasa, kaka, ndio woga. Hapo sijatafsiri vibaya.

Wasalimie mafundi wenzako, na yule mama mwenye nyumba anayekupikia ugali siku za malaria. Mama anakusalimu sana. Amesema uje umeshiba usingizi, safari ni ndefu. Favour naye anakusalimu. Nilimwuliza nimwandikie baba nini, akafikiri, akamtazama bibi yake kwanza. Kisha akanijibu kwa ile sauti mpya ya kupayuka, amenikazia macho, kwamba ameshajua kujibu, kwa hiyo baba asije kumchukua.

Mdogo wako,
Akelo